Karatasi ya maabara inasema penisilini haifanyi kazi. Mbona daktari bado anataka kumchoma mwanangu penisilini?

*"Shikamoo daktari. Nina binti wa miaka 8, ana kilo 24. Tangu mwezi wa kwanza ameumwa koo mara tatu. Mara mbili za mwanzo zilikuja na mafua na kikohozi. Nilikwenda duka la dawa, mara ya kwanza nikapewa azithromaisini ya siku tatu, ya pili ampiklox, akapona. Safari hii hakuna mafua wala kikohozi. Homa imekuja ghafla na kali, kichwa kinamuuma, ametapika mara moja, tonsi zimevimba zina madoa meupe, na matezi ya shingo hataki hata yaguswe. Nilimwanzishia septrini iliyokuwa ndani. Siku ya pili nikampeleka maabara binafsi, wakachukua pamba ya kooni wakaotesha. Majibu yamesema 'Streptococcus species', sugu kwa penisilini, erithromaisini, septrini na jentamaisini, ila inasikia seftriaksoni na siprofloksasini. Kipimo cha damu cha ASO nacho kiko juu. Pale maabara wakanishauri achomwe seftriaksoni siku tano. Nimekwenda kituo cha afya, daktari akaangalia koo, karatasi akaitupia jicho tu, akaandika sindano moja ya penaduri. Sindano moja, ya dawa ya tangu enzi za babu, ambayo karatasi inasema imeshindwa! Mtoto wa jirani ana ugonjwa wa moyo na wanasema ulianzia kwenye tonsi, ndiyo maana silali. Bibi yake anasema tumkate kimeo. Leo ni siku ya tano. Na mdogo wake wanayelala kitanda kimoja, nimpe dawa na yeye?"*

Marahaba, mama. Nitakujibu kwa urefu, lakini kwanza lile lisilosubiri. Kama binti yako hajawahi kuvimba midomo, kutoka vipele vya kuinuka au kubanwa na pumzi baada ya kupewa dawa ya jamii ya penisilini, mpeleke akachomwe hiyo penaduri leo hii, halafu urudi tuzungumze. Nakuharakisha kwa sababu ya ule moyo unaokunyima usingizi. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuzuia madhara yale. Uko siku ya tano. Muda upo, ila si wa kuuchezea.

Sasa hiyo karatasi. Naelewa kwa nini imekutisha. Umelipa pesa yako, umesubiri, umepewa majibu yaliyochapwa na kugongwa muhuri, kisha daktari anayatazama kama risiti ya basi. Mzazi yeyote angeona amedharauliwa. Nadhani mwenzangu wa kituo cha afya alikuwa sahihi kwenye tiba akakosea kwenye maelezo, kwani angetumia dakika tatu kukueleza alichokiona. Ngoja nizitumie mimi, na zaidi kidogo.

Lisome tena lile jina: *Streptococcus species*. Streptococcus ni jina la ukoo, si la mtu. Neno "species" likiachwa peke yake pale mwisho lina maana kwamba maabara imeutambua ukoo bila kuuliza jina la mhusika. Na ukoo wenyewe ni mkubwa, una wema, wabaya, na wasiotudhuru wala kutusaidia. Mwaka 1933 Rebecca Lancefield, mtafiti wa New York, aliwapanga ndugu hao katika makundi kwa herufi, A, B, C na kuendelea, kwa kufuata sukari iliyo kwenye ukuta wa mwili wao. Anayetuletea tonsi za usaha, na baadaye matatizo ya moyo, ni wa kundi A, jina lake kamili *Streptococcus pyogenes*. Wa kundi B ni tishio zaidi kwa watoto wachanga na wajawazito. Yuko pia pneumokoka, mletaji mkubwa wa nimonia na uti wa mgongo. Halafu liko kundi zima linaloitwa viridansi, ambao ni wapangaji wa kudumu wa kinywani. Ninao mimi, unao wewe, anao daktari wa kituo cha afya. Ukipitisha pamba kwenye koo la mtu yeyote mzima wa afya na kuiotesha, utapata streptokoka. Usipopata ndipo uanze kushangaa.

Maabara ina namna ya kuwatenganisha, wala si uchawi. Vimelea huoteshwa kwenye sahani iliyochanganywa na damu, kwa kawaida ya kondoo. Kundi A huyeyusha damu inayomzunguka mpaka pembeni yake panang'aa kama kioo. Viridansi huiacha na ukungu wa rangi ya kijani. Baada ya hapo wataalamu huweka kijisahani cha karatasi chenye dawa ya basitrasini, au hufanya kipimo kingine kidogo, ili kuthibitisha kwamba ni kundi A kweli. Tatizo ni kwamba damu ya kondoo ina gharama, na maabara nyingi zetu hutumia damu ya binadamu iliyopita muda wake benki ya damu. Humo kunaweza kuwa na kingamwili, na pengine mabaki ya dawa alizokuwa akitumia mchangiaji. Mviringo ule unaong'aa hauonekani vizuri, fundi anabaki kukisia, na mwishowe anaandika "species".

Mtu akiniletea majibu yasemayo "streptokoka wa koo, sugu kwa penisilini", la kwanza ninaloshuku ni kwamba aliyeota si kundi A. Hiyo si jeuri ya daktari. Miongozo ya maabara duniani inaelekeza hivyohivyo: kundi A akionekana kutosikia penisilini, rudia kumtambua, rudia kipimo, kisha umpeleke maabara ya rufaa, kwa sababu ukikuta usugu huo kweli hiyo itakuwa habari ya dunia nzima. Viridansi, kwa upande wao, huwa sugu kwa penisilini mara nyingi tu. Na binti yako alikuwa ameshakunywa septrini, na kabla yake azithromaisini na ampiklox. Waliobaki wa kuota kwenye sahani ni wale waliozizoea dawa. Karatasi yako haikudanganya, mama. Imekupa habari za jirani wakati wewe ulikuwa unamuulizia mwizi.

Kuna dalili nyingine humohumo kwenye karatasi. Jentamaisini imeandikwa sugu kana kwamba ni jambo jipya, na streptokoka wote kwa asili hawaisikii vizuri jentamaisini ikiwa peke yake, kwa kuwa ili iingie mwilini mwao inahitaji njia ya kutumia oksijeni ambayo wao hawana. Siprofloksasini nayo imepewa alama nzuri, ilhali hakuna daktari makini atakayeitegemea kutibu koo la streptokoka. Inaelekea vijisahani vya dawa vilipangwa vile vilivyokuwepo kwenye friji, si kwa kufuata swali lililoulizwa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, hawalijui, na ndilo kiini cha jibu langu. Streptokoka wa kundi A hajawahi kuwa sugu kwa penisilini. Nasema hajawahi. Machi 1942, huko New Haven nchini Marekani, mgonjwa mmoja aliyeitwa Anne Miller alikuwa anakufa. Streptokoka walikuwa wameingia kwenye damu yake baada ya mimba kuharibika, na homa ilikuwa imemshinda kila mtu. Akapewa penisilini, ambayo wakati huo ilikuwa adimu kuliko dhahabu, na homa ikashuka usiku uleule. Aliishi hadi uzee. Zaidi ya miaka 80 imepita tangu siku ile, dawa hiyo imemwagwa duniani kwa matani, na bado hajathibitishwa mgonjwa hata mmoja aliyeshindikana kutibiwa kwa sababu kundi A wake hakusikia penisilini.

Na historia ina kejeli zake. Mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipokea Tuzo ya Nobel, na katika hotuba yake akatahadharisha kuhusu usugu. Alitoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni anayeumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo isiyotosha kuwaua streptokoka, wanajifunza kuihimili, kisha anamwambukiza mkewe, ambaye hatimaye anakufa. Onyo lilikuwa la kweli kwa bakteria wengi. Ila yule aliyemtumia kama mfano ndiye ambaye mpaka leo hajajifunza.

Kwa nini? Bakteria huyu amejengewa ukuta, na ukuta huo unakarabatiwa muda wote na mafundi, yaani protini maalumu zinazounganisha matofali. Penisilini inafanana na kipande cha tofali. Fundi akiishika inamganda mikononi, hawezi kuendelea na kazi, ukuta unabomoka na bakteria anapasuka. Bakteria wengine wamejinasua kwa njia mbili kuu. Stafilokoka, yule wa majipu, ametengeneza kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijamfikia fundi. Pneumokoka amewabadilisha mafundi wenyewe: aliokota vipande vya vinasaba kutoka kwa viridansi, jirani zake wa kooni, akapata mafundi wenye mikono ya umbo jingine ambayo penisilini haigandi vizuri. Hiyo ilishaonekana mwaka 1967, na mwaka 1977 kule Durban, Afrika Kusini, walikutwa pneumokoka wasiosikia penisilini wala dawa nyingine kadhaa. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba "streptokoka amekuwa sugu kwa penisilini", mara nyingi anayezungumziwa ni huyu binamu. Kwake yeye tunategemea pia chanjo, ile waliyoianza Kenya mwaka 2011 na sisi Tanzania mwishoni mwa 2012.

Kundi A hajafanikiwa kwa njia hata moja kati ya hizo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba si hodari wa kuokota vinasaba vya wengine akiwa kooni, na kwamba mafundi wake wakibadilishwa sana yeye mwenyewe anadhoofika, anashindwa kuambukiza. Nisikufiche lililopo: mwaka 2020 watafiti waliripoti vimelea wawili kutoka Seattle, Marekani, ambao fundi wao mmoja alikuwa amebadilika kidogo, na dozi ya amoksilini ya kuwazuia maabara ikawa imepanda. Hata hivyo walikuwa bado ndani ya kiwango kinachotibika. Tunawatazama. Lakini hilo haliko kwenye koo la binti yako, na hata lingekuwepo, sindano ile ingetosha.

Huenda unajiuliza, kama dawa haijashindwa, mbona mtoto anaumwa kila mara? Rudi kwenye maelezo yako mwenyewe, umeyaandika vizuri kuliko madaktari wengi wanavyoandika faili. Mara mbili za kwanza alikuwa na mafua na kikohozi. Koo linalokuja na mafua na kikohozi kwa kawaida ni la virusi, na virusi havina ukuta wa kubomolewa wala kiwanda cha kuzimwa na antibayotiki. Alipona kwa sababu virusi vya koo huisha vyenyewe ndani ya siku tano hadi saba. Azithromaisini ilikuwepo tu, ikachukua sifa. Jogoo awike asiwike, kutakucha.

Mara hii ni habari tofauti. Ana miaka 8, homa ya ghafla, hana kikohozi, tonsi zina usaha, matezi ya mbele ya shingo yanauma, na ametapika. Dalili hizi zikikutana kwa mtoto wa umri huo, uwezekano wa streptokoka kundi A unapanda kiasi kwamba pale ambapo kipimo cha haraka cha koo hakipatikani, na pale ambapo homa ya rumatiki, ile inayoharibu moyo baada ya koo kuumwa, bado ipo kama ilivyo kwetu, kutibu ndiyo busara. Daktari wako wa kituo cha afya aliisoma ile karatasi ya mwili kuliko ya maabara. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Zipo pia nyakati ambapo penisilini hupewa sawasawa na kundi A akabaki kooni. Huwa tunaita dawa imeshindwa, lakini sababu ni nyingine. Vidonge vimekatishwa siku ya nne kwa kuwa mtoto ameshaanza kuruka kamba. Au ameambukizwa upya na mwenzake wa dawati moja. Au jirani zake kooni, hasa stafilokoka, wanamwaga kile kimeng'enya cha kukata penisilini na kumkinga yeye bila kukusudia. Sababu inayotuchanganya kuliko zote ni watoto wanaombeba tu: tukiwapima watoto wa shule wasioumwa chochote, kama 12 kati ya 100 watakutwa naye kooni, ametulia. Mtoto wa namna hiyo akipata mafua, ukimpima utamkuta streptokoka, utamtibu, mafua mengine yakija utamkuta tena, na wote mtaamini ni sugu.

Usugu wa kweli wa streptokoka huyu uko kwingine, na hapa nina ugomvi kidogo na duka la dawa, na na wewe pia, kwa heshima. Uko kwenye azithromaisini na erithromaisini. Hizi hazigusi ukuta. Zinaingia kwenye kiwanda kidogo cha kutengeneza protini ndani ya bakteria na kukaa kwenye njia ya kutokea bidhaa. Kundi A amejifunza mambo mawili: kupaka alama mahali dawa inapokaa ili isikae tena, au kuweka pampu ya kuitoa nje. Na vinasaba vya ufundi huo huweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. China, tafiti nyingi zimekuta zaidi ya asilimia 90 ya kundi A haisikii erithromaisini, na asiyesikia erithromaisini hasikii azithromaisini pia. Shirika la Afya Duniani lilimweka kundi A wa namna hii kwenye orodha yake ya mwaka 2024 ya bakteria sugu wanaohitaji dawa mpya.

Azithromaisini ina tabia moja inayopendwa na wote, nayo ndiyo kasoro yake. Unaimeza siku tatu, inabaki mwilini siku nyingi, ikipungua polepole. Siku zile za mwisho kiwango hakiui tena, kinafundisha tu. Watafiti wa Ubelgiji waliwapa watu wazima wenye afya dawa za jamii hii, kisha wakafuatilia streptokoka wa kinywani mwao. Usugu ulipanda mara moja, na zaidi ya siku 180 baadaye ulikuwa haujarudi ulipoanzia. Dozi moja tu, kwa mtu asiyeumwa! Habari njema ni kwamba mlango huu hufungika: Finland walipopunguza matumizi ya dawa hizi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kundi A wasiosikia erithromaisini walishuka kutoka asilimia 16.5 mwaka 1992 hadi 8.6 mwaka 1996.

Septrini nayo usiitumie kwa koo. Ndani yake mna dawa ya salfa, mjukuu wa zile zilizoanza kutumika mwaka 1935. Vita Kuu ya Pili, kambi za mafunzo za jeshi la majini la Marekani ziliwagawia askari salfa kila siku kuzuia streptokoka, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kambi kujaa streptokoka wasioijali. Hata pale ambapo septrini inampa nafuu mtoto, haimwondoi kundi A kooni kwa namna ya kuulinda moyo. Ile chupa iliyobaki ndani, irudishe famasi wakaiteketeze.

Tuje kwenye uchaguzi ulio nao. Penaduri, yaani benzathini penisilini, ni sindano moja ya msuli. Kwa mtoto wa chini ya kilo 27 dozi ya kawaida ni uniti 600,000, na kuanzia hapo ni milioni 1.2. Wengi hudhani "moja" ni kidogo. Dawa hii haiyeyuki haraka. Inakaa kwenye msuli kama mtungi unaovuja, ikidondosha penisilini kwenye damu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo sindano moja inafanya kazi ya siku kumi za vidonge na zaidi, wala hakuna wa kusahau. Ubaya wake ni maumivu. Inauma kweli, asikudanganye mtu, na mtoto anaweza kuchechemea siku moja au mbili. Muuguzi akiishika chupa viganjani mpaka iache ubaridi wa friji, akaisukuma taratibu, au akaichanganya na lignokaini, dawa ya ganzi, kama utaratibu wa kituo unaruhusu, maumivu hupungua sana. Baada ya sindano kaeni hapo kituoni nusu saa, maana mzio mkali, ingawa ni nadra, hujitokeza mapema.

Ukishindwa kabisa na sindano, amoksilini ni sawa kwa ubora, kwa siku 10 kamili. Kwa kilo 24 ni takriban gramu 1 kwa siku, kwa mkupuo mmoja au ikigawanywa mara mbili, na daktari aiandike. Jiulize tu kwa uaminifu: nani atampa siku ya nane, mtoto akiwa mzima na wewe ukiwa kazini? Siku kumi hizi hazihusu kuzuia usugu wa penisilini, kama tunavyowaambia watu kwa mazoea, kwani huyu hana usugu huo. Zinahusu kumfuta kabisa kooni, maana akibaki, hata kama koo haliumi, mwili unaendelea kupigana naye, na hapo ndipo hatari ya moyo ilipo. Azithromaisini tuwaachie wale wenye mzio wa kweli wa penisilini. Na mzio wa kweli ni mchache kuliko unavyosimuliwa: tumbo kuuma baada ya vidonge si mzio. Seftriaksoni ingemuua streptokoka, sibishi. Ila ni kama kukodi greda kusawazisha bustani ya mchicha. Ndiyo dawa tunayoitegemea mtoto akija usiku na uti wa mgongo, na kila tunapoichoma bila sababu tunawafundisha bakteria wa tumboni kuizoea. Tena kwa bei waliyokutajia, hiyo pesa ina kazi nyingine nyumbani.

Kuhusu mtoto wa jirani, hawakukudanganya. Kundi A ana protini zinazofanana na za kwenye moyo na viungo vyetu. Mwili unapotengeneza kingamwili za kumpiga yeye, kwa baadhi ya watoto, hasa kati ya miaka 5 na 15, kingamwili hizo hugeuka na kushambulia valvu, ile milango ya moyo. Hutokea wiki mbili hadi tatu baada ya koo kupona, wakati mzazi ameshasahau. Ndiyo homa ya rumatiki, na ikijirudia milango huwa na makovu, haifungi au haifunguki vizuri. Wengi wa watoto hawa huishia kwenye foleni za kliniki za moyo, na wengine meza ya upasuaji. Na dawa tunayotumia kuwakinga wasirudiwe ni penaduri hiyohiyo, kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda kwa watoto zaidi ya 800 waliokutwa na dalili za mwanzo kabisa kwenye valvu. Baada ya miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa penisilini kila mwezi, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Hao ni watoto wa Afrika Mashariki, kwa dawa ya enzi za babu.

ASO kuwa juu isikuzuge. Kipimo hicho kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na streptokoka wiki au miezi iliyopita. Watoto wengi wa shule kwetu wanayo juu na ni wazima. Ina maana tu tukishashuku homa ya rumatiki kwa dalili nyingine. Usikubali mtoto achomwe sindano kila mwezi kwa sababu ya ASO peke yake.

Bibi ana huruma, lakini kimeo hakina kosa. Kukikata hakumwondoi bakteria, na nimepokea watoto waliotoka damu nyingi, na wengine walioingiwa na vimelea vya hatari kupitia kidonda kile. Kama tatizo litaendelea, upasuaji wa kutoa tonsi upo, hospitalini, kwa vigezo: mashambulizi saba ya kweli kwa mwaka mmoja, au matano kila mwaka kwa miaka miwili, au matatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Binti yako ana moja la kweli. Hajakaribia.

Baada ya sindano, homa inapaswa kushuka ndani ya siku moja hadi mbili, na baada ya saa 24 haambukizi tena, anaweza kurudi shule akijisikia vizuri. Isiposhuka kufikia siku ya tatu, mrudishe. Usingoje hata siku moja akishindwa kumeza mate yake, mdomo ukiwa haufunguki vizuri, sauti ikiwa kama ya mtu mwenye kitu kinywani, au akipumua kwa mlio, kwani huenda kuna jipu nyuma ya tonsi. Utando wa kijivu kooni na shingo iliyovimba unaweza kuwa dondakoo. Maumivu makali ya mguu au mkono yasiyolingana na kinachoonekana kwenye ngozi ni ya hospitali kubwa, usiku huohuo. Na kwa wiki kama nne zijazo, weka jicho: viungo vikiuma kwa kuhama, leo goti kesho kifundo, akichoka kupanda ngazi, mikono ikichezacheza yenyewe, au asubuhi akiamka uso umevimba na mkojo una rangi ya chai ya rangi, mpeleke, na useme wazi kwamba aliumwa koo. Hiyo ya uso na mkojo ni figo, na penisilini haina uhakika wa kuizuia. Kwa zile nyingine, omba apimwe moyo kwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Mdogo wake asipewe dawa kama haumwi. Akianza homa na koo kuuma ndani ya wiki moja au mbili, mpeleke kituo kilekile, kwa daktari yuleyule, na safari hii, kabla ya kumpa chochote cha kwenye kabati. Ikiwa watataka kuotesha, waulize swali moja tu: ni kundi A, au siyo?